Sawa Iliyotoka Dukani

Ipo asubuhi moja ya ukungu ambayo nimeikumbuka karibu kila siku ya maisha yangu, mwanangu, na mpaka juzi sikuwa na nia ya kukusimulia. Nilitaka niende nayo kaburini. Lakini juzi Jumatatu ulipita hapa nyumbani kabla ya kwenda kazini, ukaniamkia, ukakaa jikoni kwa mama yako unywe chai, na simu yako ikalia. Ukasoma. Ukaandika kwa vidole gumba viwili, haraka kuliko mimi ninavyoweza kutaja jina langu. Nikakuuliza kuna nini. Ukasema, "Ofisini wamebadilisha eneo la kuangusha miti leo, baba. Nimeshawaambia watu kwenye grupu." Kisha ukanigeuzia kile kioo nione alama za dole gumba zilivyojipanga moja baada ya nyingine, ukasema, "Unaona? Wote wameshakubali."

Ukaendelea na chai yako. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Wewe ni msimamizi sasa, Tumaini. Wamekupa kikosi cha watu kumi na wanne kwenye shamba la miti huko juu Magamba, na najua ni msichana wa kwanza kupewa kazi hiyo hapa kwetu. Ninajivunia, hata kama sisemi. Lakini naogopa. Ninaogopa kwa jambo ninalolijua, ndiyo maana nimekuomba ukae leo, uweke hiyo simu pembeni, unisikilize mpaka mwisho.

Mimi nimefanya kazi kwenye shamba hilohilo. Unajua hivyo, ila umezoea kusikia kwamba niliacha kwa sababu ya mgongo. Si mgongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimemwoa mama yako, na wewe ulikuwa tumboni mwake, miezi sita hivi. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Shemhando, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti moja la mvua mwaka mzima. Huyu mzee alikuwa na desturi iliyotuchosha vijana wote. Kila asubuhi, kabla chenso, ule msumeno wa mashine, haijawashwa, alishuka mteremko mzima mpaka njia ya chini, kule walikokuwa wanawake wanaosafisha visiki na kupanda miche. Alimwendea kila mmoja. Akamwita kwa jina, akamwambia leo tunaangusha upande gani na yeye akae wapi, akasubiri ajibu. Kisha akapanda tena taratibu mpaka kwetu, akapuliza filimbi, ndipo kazi ianze. Ilikuwa inachukua karibu saa nzima. Sisi tulikuwa tunakaa juu ya magogo tunapigwa na baridi, tunamcheka.

Ndipo simu zikaja. Si hizi zenu za kupangusa, ni zile ndogo za vitufe. Meneja wa shamba alileta mbili. Moja ya kikosi cha juu, moja ya kikosi cha chini. Akatuita ofisini, akasema kuanzia sasa hakuna sababu ya mtu kutembea saa nzima kupeleka neno moja, kazi ianze saa moja kamili. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, nikakabidhiwa simu ya juu, nikaitwa msaidizi wa mnyapara. Simu ya chini akapewa Elia.

Elia alikuwa rafiki yangu. Tulipata kipaimara siku moja, tukajenga nyumba zetu zikitazamana. Alikuwa mtu wa kuimba. Kikosi cha chini kilikuwa na wanawake saba na yeye wa nane, na aliwafundisha nyimbo za kwaya wakiwa wanapanda miche, wakagawana sauti huko bondeni kama wako kanisani.

Nataka uelewe jinsi nilivyojisikia na ile simu. Nilinunua kamba nikaivaa shingoni, juu ya shati, ionekane. Meneja alikuwa ananipigia mimi, si Mzee Shemhando. Mzee alikuwa hawezi kusoma meseji, kwa hiyo kila agizo lilipita kwangu kwanza, ndipo nimwambie yeye. Kijana wa miaka ishirini na tisa anamwambia mnyapara wake leo afanye nini. Nilianza hata kumkatiza maneno. Hakunigombeza. Alikuwa ananiangalia tu, kisha anainua filimbi yake.

Wiki za mwanzo bado alishuka bondeni kila asubuhi, simu au hakuna simu. Meneja akaja kumkemea mbele yetu kwamba anachelewesha kazi. Akaacha. Ila alikuwa ananisumbua mimi kwa swali moja kila siku: "Umewaona?" Nami nilikuwa namjibu, "Nimewatumia meseji, mzee." Naye anarudia, "Nimekuuliza umewaona." Vijana walikuwa wanacheka, na mimi nilicheka nao.

Sasa niifikie asubuhi yenyewe.

Ilikuwa imenyesha siku mbili. Ukungu ulikuwa umelala msituni kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole vizuri. Siku iliyotangulia tulikuwa tumeambiwa tutaangusha paini za upande wa barabara, mbali kabisa na njia ya chini, na Elia na watu wake walikuwa wameenda kulala wakijua hivyo. Lakini asubuhi meneja akanipigia. Lori la magogo haliwezi kupita upande wa barabara kwa utelezi, akasema, kwa hiyo angusheni upande wa bonde. Upande wa bonde, mwanangu, ni ule ulio juu ya njia ya chini. Mti ukianguka pale unateleza mpaka njiani.

Nikamweleza Mzee Shemhando. Akatazama ukungu muda mrefu.

"Shuka ukawaambie," akasema.

"Nitamtumia Elia meseji."

"Danieli. Shuka."

Mteremko ulikuwa umelowa. Kushuka ni dakika ishirini, kupanda ni zaidi, na suruali yangu ilikuwa mpya. Nakwambia hivi vitu vidogo kwa sababu ndivyo vilivyoamua. Nikapiga simu kwanza, sauti ikakatika, maana mtandao pale ulipatikana ukisimama juu ya kisiki kimoja tu na hata hapo kwa kubahatisha. Basi nikaandika. Nayakumbuka maneno yote: "Elia toa watu njia ya chini. Leo tunaangusha upande wenu. Jibu." Nikasimama juu ya kisiki nikiinua simu juu kama mtu anayeomba kura. Ikaondoka. Baada ya dakika chache ikalia. Nikafungua. Kulikuwa na neno moja: "Sawa."

Nikamwonyesha Mzee Shemhando, ingawa nilijua hasomi. "Amejibu," nikasema. "Amesema sawa."

"Umemwona?"

"Mzee, amejibu kwa mkono wake. Unataka nini tena?"

Vijana walikuwa wanasubiri, baridi inauma, saa moja imepita. Yona, yule wa chenso, alikuwa ameshaweka mafuta. Mzee akapuliza filimbi. Naijua sura aliyokuwa nayo alipopuliza. Ni sura ya mtu aliyezidiwa nguvu.

Ulianguka mti wa kwanza. Ukaanguka wa pili. Tulikuwa hatuoni ulikofikia, tulikuwa tunasikia tu matawi yakivunjika na ardhi ikitikisika chini ya miguu, kisha kimya. Wa tatu ulikuwa mkubwa. Yona aliukata mpaka ulipoanza kulia, ule mlio wa mbao zinazopasuka ndani, akaichomoa chenso na kuizima arudi nyuma. Na chenso iliponyamaza, tukasikia wimbo.

Ulitoka chini yetu, ndani ya ukungu. Sauti za wanawake, na moja ya mwanaume ikiwa chini yao. Hazikuwa mbali. Nilisimama na akili yangu ikawa inajaribu kunitafutia uongo wa kuniokoa: labda wako ng'ambo, labda ni mwangwi. Mzee Shemhando alikuwa ameshaanza kupuliza filimbi, anapuliza bila kupumua, na Yona anapiga kelele, na sisi wote tunapiga kelele, kila mtu na neno lake, wengine kwa Kiswahili na wengine kwa Kishambaa, hakuna lililosikika. Mti ulikuwa umeshaondoka. Uliinama polepole kabisa. Nilitaka kuushika. Kweli nilinyoosha mikono.

Baada ya kishindo, hakukuwa na wimbo.

Sijui nilishukaje ule mteremko. Niliuogopa nusu saa iliyotangulia kwa ajili ya suruali, na sasa niliuteremkia kwa makalio na viganja, nikigonga visiki. Huko chini ilikuwa ni matawi tu, ukuta wa matawi mabichi yananuka utomvu, na ndani yake mtu analia. Mzee Shemhando alifika akasimama katikati ya njia, akaanza kuita majina. Hakuwa na karatasi. Alikuwa nayo yote kichwani, na kila aliyejibu alimwambia njoo hapa usimame nikuone. Akatoka mmoja, damu usoni. Akatoka wa pili na wa tatu wameshikana. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Walifika saba. Wote wanawake. Mmoja amevunjika mkono, wengine wamechubuka, wote hai.

Mzee akaita, "Elia." Akaita tena. Nikamwona mama mmoja, mkubwa kuliko wote, akionyesha kwa mkono kwenye matawi kando ya shina. Baadaye tulijua kwamba miti miwili ya kwanza waliisikia wakadhani ni ya upande wa barabara, na kwamba wa tatu ulipokuja Elia alikuwa ameshavuka njia, alikuwa salama kabisa, akageuka kwa sababu yule mama alikuwa amesimama njiani amepigwa na bumbuwazi. Alimsukuma. Mti ukamkuta yeye.

Tulimpata. Tawi nene lilikuwa limemlalia kuanzia kiunoni kushuka mguu wa kushoto. Macho yalikuwa wazi. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, na akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyesahauliwa kuitwa kula, "Danieli, mbona hamkutuambia?"

Nikamjibu, "Nilikutumia meseji."

Alinitazama, mwanangu. Sijaona tena mtu akinitazama vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa haelewi, kama nimemsemesha lugha ya watu wengine. Kisha akafumba macho.

Simu yake haikuwa naye. Ilikuwa dukani kwa Mama Upendo.

Mama Upendo alikuwa mjane, duka lake liko njiapanda, na ndiye pekee aliyekuwa na betri ya gari ya kuchajia simu za watu. Elia aliipeleka jioni. Asubuhi alipopita akakuta haijajaa, akaiacha, akijua tunaangusha upande wa barabara na hakuna haraka. Meseji yangu ilipoingia, Mama Upendo aliisikia. Akaifungua. Aliona neno la mwisho, "Jibu," akafikiri kuna mtu anasubiri mahali na si vizuri kumkalisha. Akatafuta herufi moja moja, akaandika sawa. Kwa adabu tu. Alikusudia kumpelekea Elia habari kwa mtu wa kwanza atakayepanda msituni. Alisubiri apite mtu, na kwa ile mvua hakupita.

Nikwambie pia ukweli huu, usije ukadhani nachukia simu. Ni simu iliyokuwa shingoni mwangu ndiyo iliyoleta gari. Mzee Shemhando aliniambia nipande kwenye kisiki nimpigie meneja, na meneja akaleta gari mpaka njiapanda, na sisi tukamshusha Elia kwa machela ya miti na khanga za wale akina mama. Daktari alisema tungechelewa zaidi tungemkosa. Mguu wake ulikatwa juu ya goti. Mtu alibaki hai.

Siku tatu baadaye tuliitwa ofisini kueleza. Meneja alikuwa na kalamu na karatasi. Aliniuliza mimi kwanza, na mimi nilikuwa nimeshajua nitakachofanya, nilikuwa nimekipanga tangu usiku. Nikaitoa simu, nikaiweka mezani, nikafungua pale. Maneno yangu. Saa yake. Na lile jibu. Meneja akasoma, akatikisa kichwa, akasema, "Kwa hiyo wewe uliarifu, na ukajibiwa." Nikasema ndiyo. Akaandika. Sikusema kwamba niliambiwa nishuke, mara mbili, na nikakataa. Nilimtazama Mzee Shemhando pembeni nikiogopa atasema. Alipoulizwa alisema tu, "Filimbi nilipuliza mimi." Hawakumwacha kazini baada ya hapo.

Na watu wakamgeukia Mama Upendo. Kwa nini alishika simu isiyo yake? Kwa nini alijibu? Walianza kupeleka mahitaji yao duka la mbali. Jumapili alikaa benchi lake kanisani na pembeni yake pakabaki wazi kote kuwili. Hata samahani yake hakuwa na pa kuipeleka, maana waliolia zaidi walikuwa wa ukoo wa Elia na hawakumfungulia mlango.

Siku moja alikuja kwetu. Hakuingia. Alisimama pale uani, khanga ameishika chini ya kidevu, akasema, "Baba, mimi nilijibu kwa heshima tu. Wewe uliyeandika unajua. Waambie." Mama yako alinitazama. Nikamwambia Mama Upendo pole, kisha nikatazama chini mpaka alipoondoka.

Mwanangu, hofu ya siku zile sijawahi kumweleza mtu. Simu ikilia, hata ya jirani, nilikuwa natoka nje ya nyumba. Nikiwa shambani nasikia wimbo ambao haupo. Mama yako alikuwa anakaribia kujifungua, na mimi nilikuwa naogopa utazaliwa na kasoro kwa ajili yangu, nilikuwa namuuliza kila asubuhi kama umecheza. Na mbaya zaidi nilikuwa naogopa watu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya neno moja la mama mjane, na nilikuwa najua siku likiondolewa nitaonekana.

Aliyekuja kuliondoa ni Mzee Shemhando. Alikuja mchana, na fimbo na lile koti lake, wakati huo hana kazi kwa sababu yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba maji. Akanywa yote. Nilitegemea matusi. Alizungumza taratibu, na kwa sehemu kubwa alizungumza Kishambaa, nitakupa kwa Kiswahili.

"Mlikuwa mnanicheka nikishuka bondeni," akasema. "Mlidhani napeleka habari. Habari ningeweza kuituma kwa kelele kutoka huku juu. Mimi nilikuwa naenda kuona kama wamenielewa. Kuna siku nilifika nikakuta mtu ana homa, nikamrudisha nyumbani. Kuna siku nilimwambia mtu kaa kule, akasema ndiyo mzee, na nikaona machoni kwamba hakusikia hata neno moja, ananiogopa tu. Watu wanasema ndiyo kwa sababu nyingi, Danieli. Nilikuwa naenda kuchungulia ni ndiyo ya namna gani."

Nikaanza kulia.

"Mimi nimekusamehe kazi yangu," akasema. "Nilikuwa mzee hata hivyo, na filimbi kweli niliipuliza, na kosa langu nalijua: nilimwogopa meneja na nikamwogopa kijana mwenye simu. Lakini yule mama umembebesha mzigo wako na unamtazama akitembea nao. Hilo si langu kusamehe." Akainuka. Akamuuliza mama yako hali ya mimba, akambariki, akaondoka.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo. Niliyasema yote. Kwamba niliambiwa nishuke. Kwamba sikushuka. Kwamba sababu ilikuwa uvivu na majivuno, na kwamba nilinyamaza ofisini. Niliishika mimbari mpaka mwisho. Nilipomaliza niliona Mama Upendo anajifuta uso, kisha akainuka katikati ya ibada akaenda zake nyumbani. Usitarajie nikwambie kwamba alinikumbatia. Alinihudumia dukani mwaka mzima bila kuniuliza habari za asubuhi. Baadaye akaanza kuuliza. Ila betri aliiuza, na simu ya mtu hakuigusa tena.

Kazi niliacha mwenyewe wiki ileile. Nilienda pia kwa meneja nikamweleza, akasema kesi imeshafungwa.

Elia anaishi Mlalo sasa, anashona viatu, unamjua kwa jina la Fundi. Ndiyo, ndiye huyo. Umekuwa ukinisindikiza kwake kila Krismasi tangu ukiwa mdogo na hujawahi kuuliza kwa nini baba hampigii simu tu kumtakia heri. Nilijaribu, miaka mingi iliyopita. Hakupokea. Nilipomfuata akaniambia, "Nimekusamehe, Danieli, toka moyoni. Ila kwenye simu siwezi kukusikia. Ukiwa na neno, njoo." Basi huwa naenda. Napanda basi dogo, nakaa kwenye benchi lake, tunaongea anashona. Kuna siku anacheka. Kuna siku ananyamaza mpaka naaga, na siku hizo nikirudi sili.

Sasa nikutazame wewe.

Ninyi kazi yenu imebadilika kuliko yetu. Anayekupangia pa kuangusha miti anakaa ofisini Dar es Salaam, anaangalia ramani kwenye kioo, hajawahi kuuona ukungu wa huku, na anaweza kubadilisha mawazo mara tatu kabla hujamaliza chai. Wewe unayapokea mara tatu na kuyatupa kwenye grupu mara tatu. Najua ni rahisi. Najua pia wanakusifu kwa kuwa mwepesi wa kujibu, maana uliniambia. Lakini juzi nilipotazama yale madole gumba nilimwona Shabani, ambaye nimesoma naye shule ya msingi na najua hawezi kusoma sentensi ndefu. Aliweka dole. Nilimwona yule binti wa kutoka Zirai, ambaye mama yako anasema simu yake anatumia na mume wake na wifi yake. Aliweka dole. Nani aliweka? Ulijua? Ulimaliza chai ukaondoka, na mimi siku hiyo nzima nilisimama pale nyuma ya zizi nikisikiliza upande wa Magamba, kila mlio wa chenso unanipita mwilini. Uliporudi jioni unacheka, nilishindwa kukusalimia vizuri. Ulifikiri nimekukasirikia.

Sikukatazi simu. Itumie. Iliokoa uhai wa rafiki yangu na sisahau hilo. Ila nakuomba mambo machache, na nakuomba kama baba, si kama mtu anayejua teknolojia.

Agizo likibadilika asubuhi, nenda. Kwa miguu yako, hata kama kiatu kitachafuka, hata kama ofisini wataandika kwamba umechelewa. Simama mbele ya kila mtu, mwite kwa jina, mwambie, halafu mwache yeye akueleze amesikia nini. Kama huna muda wa kufanya hivyo basi huna muda wa kuangusha mti siku hiyo, na hilo ndilo uwaambie wa Dar, kwa maneno hayohayo. Wakikukasirikia watakukasirikia. Watu wazima kukasirikiwa si ugonjwa. Mimi nilihofia kukasirikiwa na meneja zaidi ya kuhofia mti, na unajua sasa ilinigharimu nini, na ilimgharimu nani.

Mkubwa wako wa kazi, hata asiyejua kusoma, akikuuliza swali lilelile mara mbili, usimcheke. Kaa chini ulifikirie.

Na ikitokea umekosea, maana utakosea, kazi yenyewe ni ya watu, usikimbilie kutafuta ulichoandika ili uonyeshe kwamba uliandika. Siku hizi kila mtu ana ushahidi wa kujitetea mfukoni. Sema kwanza ulichofanya na ambacho hukufanya. Usimwachie mdogo wako, mfagiaji, mama wa dukani, akusimamie kwenye lawama. Utalala vibaya, na utazeeka na jambo hilo.

Hivi nimemaliza. Nilikuwa na hofu pia ya kukusimulia, nikidhani utaniona mtu mwingine. Ukiniona mtu mwingine, sawa, mimi ndiye huyo.

Njoo karibu nikuwekee mkono. Mungu wa baba zetu akutangulie kila asubuhi unapopanda, akupe macho ya kuwaona watu wako na subira ya kuwasikia. Akulindie hao kumi na wanne, kila mmoja arudi kwake jioni na mwili wake wote. Akupe ujasiri wa kusema hapana kwa walio juu yako, na ulimi mwepesi wa kuomba radhi kwa walio chini yako. Usizeeke na siri kama yangu, mwanangu. Nenda kwa amani, na uende mapema.